Mkataba Ulioandikwa na Majirani

Mama mdogo alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Humo ndani, kwa mwandiko wa darasa la saba, aliandika hivi: saruji mifuko minne, nimetoa mimi. Mabati kumi, mimi sita, yeye manne. Fundi wa choo, mimi. Mchanga lori moja, yeye. Kurasa kumi na moja zilijaa namna hiyo, kuanzia mwaka 2008 mpaka 2018, na katikati ya hesabu za mchanga kuna mahali ameandika maneno mawili tu: leo tumehamia.

Hakuwa ameolewa. Yeye alikuwa anauza maandazi na chai asubuhi, mwanamume ni fundi magari. Walianza kwenye chumba cha kupanga, wakanunua kiwanja Mbagala, wakajenga vyumba vitatu kidogo kidogo kama watu wanavyojenga. Mtaa mzima ulimwita mama mdogo kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na yule bwana akaitwa baba wa mtoto huyo huyo. Basi mwaka 2019 bwana akaleta wazee wawili wa kwao. Wakakaa sebuleni, wakanywa chai yake, wakamwambia kwamba huko kijijini kuna mke wa ndoa ya kanisani na sasa anakuja kukaa mjini. Mama mdogo akauliza, "Na mimi?" Mzee mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Binti yangu, wewe lete cheti."

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nashinda nikiandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Kwa kuwa nilionekana ndiye msomi wa ukoo, nikapewa kazi ya kumsindikiza mama mdogo kwenye baraza la usuluhishi, kisha mahakamani. Nilikwenda kama mtu wa kubeba mkoba. Nilirudi na swali ambalo nimekuwa nalo miaka yote hii: watu wawili wakikaa pamoja bila ndoa, makubaliano yao yako wapi? Nani aliyaandika, na tangu lini?

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Usitishike, msomaji, sitakupeleka darasani. Tutazunguka Nairobi, London, California na kurudi Mbagala.

Jina lenyewe lina kesi

Tuanze na maneno, maana sisi wa kalamu ndiyo mali yetu. Kiswahili kina jina la heshima la jambo hili: kuishi kinyumba. Kina majina mengine yasiyo ya heshima, na utaona mengi yanamwangukia mwanamke: hawara, kimada, nyumba ndogo. Kenya vijana wanasema "kam-wi-stei". Huku kwetu vijana wanasema "sogea tukae", na kila mtu anacheka, lakini sikiliza jina hilo vizuri. Ndani yake kuna makubaliano. Mmoja amesema sogea, mwenzake amesogea. Kinachokosekana ni masharti.

Wazee wanapenda kusema mambo haya yameletwa na vijana wa siku hizi, na televisheni. La hasha. Katika Afrika Mashariki mambo haya yana umri wa miji yenyewe. Wakoloni walipojenga miji ya kazi, waliwataka wanaume, hawakutaka familia zao. Mshahara ulipangwa kwa hesabu ya kapera: mtu mmoja, kitanda kimoja, unga wake. Mke na watoto walihesabiwa kwamba wako kijijini, wanalima na kujilisha. Kule Kenya ilibidi wafike mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali ya kikoloni juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoitwa Kamati ya Carpenter, ipendekeze kwamba mfanyakazi alipwe mshahara unaotosha mtu mwenye familia. Kabla ya hapo, mfanyakazi mwingi wa mjini alikuwa na mke ambaye mshahara haumtambui, na upweke ambao mshahara umeutengeneza.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya Nairobi ya kikoloni, ameandika habari za wanawake waliofika mjini peke yao, wakapanga vyumba na wengine wakajenga nyumba zao mitaa ya Pumwani. Anaonyesha kwamba wanaume hawakulipia kitanda peke yake. Walilipia chai, chakula, maji ya kuoga, na mtu wa kuzungumza naye jioni. Kwa maneno mengine, mjini kazi za nyumbani zilikuwa na bei, tena bei inayojulikana. Kumbuka jambo hili, maana tutakuja kuona majaji, miaka mingi baadaye, wanabishana kama kazi hizo zina thamani yoyote.

Gari la kupendeza la mwaka 1866

Sasa utaniuliza, kama watu wamekaa hivi tangu zamani, kwa nini hawakuandikishana? Jibu moja ni kwamba wengi hawakujua kuandika. Jibu la pili ni zito zaidi: sheria yenyewe ilikuwa inaitazama karatasi ya namna hiyo kama uchafu.

Mwaka 1866 mahakama moja ya London iliamua kesi ya Pearce na Brooks. Watengenezaji wa magari ya farasi walimkodisha mwanamke mmoja gari la kupendeza. Mwanamke huyo alikuwa akiuza mwili, na wenye gari walijua kwamba gari ni la kumsaidia katika biashara yake. Hakulipa, wakamshtaki. Mahakama ikawafukuza: mkataba unaosaidia uasherati hauna nguvu, kwa hiyo hakuna kudaiana. Msingi huo ulipanuka mpaka ukawafunika hata watu wawili waliokaa nyumba moja kwa mapenzi. Mwanamke akisema "aliniahidi nusu ya nyumba nikikaa naye", jibu lilikuwa jepesi: ahadi hiyo malipo yake ni uzinzi, funga jalada.

Mbegu hiyo ilisafiri. Waingereza waliiandika katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, na sheria hiyo ya India ndiyo iliyotumika huku kwetu wakati wa ukoloni. Tanganyika ilipopata sheria yake ya mikataba mwaka 1961, kifungu cha 23 kilibaki na sura ile ile: makubaliano ambayo mahakama inayaona ni kinyume cha maadili au cha maslahi ya umma ni batili. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam wa mwaka 1961 aliyetaka kuandikishana na mwenzake alikuwa akitazamwa, kwa mbali sana, na wale wenye gari la farasi.

Mwaka 1971: sheria inamwuliza jirani

Hapa ndipo historia yetu inapochukua njia yake.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka sheria moja ya ndoa badala ya ile mikeka mingi ya dini, mila na sheria za kikoloni. Mwaka 1969 ulitolewa Waraka wa Serikali namba 1 wenye mapendekezo, ukajadiliwa sana, hasa habari ya wake wengi. Mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo huo. Ni ya Tanzania Bara. Zanzibar haiko ndani yake. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameunda tume yao mwaka 1967, ripoti ikatoka 1968, lakini muswada ukaanguka bungeni mwaka 1976 na tena 1979. Sheria yao moja ya ndoa waliipata mwaka 2014.

Ndani ya sheria yetu ya 1971, karibu na mwisho, kuna kifungu cha 160. Nakieleza kwa maneno yangu. Ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana ipasavyo. Wanasheria wanaita "dhana ya ndoa".

Mtaani kifungu hiki kimezaa uongo mwingi. Utasikia ati ukikaa na mtu miezi sita ni mkeo. Wengine wanasema miaka miwili ikitimia saa sita usiku, mmeoana. Si hivyo. Dhana ni dhana. Inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, kwa mfano mmoja wenu akionekana tayari ana ndoa ya mke mmoja kwingine. Tena miaka peke yake haitoshi. Lazima mtambulike.

Na hapo kwenye kutambulika ndipo nilipokaa nikafikiri sana. Kutambulika na nani? Na majirani! Sheria haikuwauliza wawili wale waliahidiana nini. Imemwuliza mama wa nyumba ya pili, mjumbe wa nyumba kumi, mwenye duka anayekopesha sukari: ninyi mlikuwa mnawaonaje hawa? Wazo hilo nalo lina mizizi Ulaya. Uskochi walikuwa na ndoa ya aina hiyo, ya kukaa pamoja kwa mazoea na sifa, na waliifuta mwaka 2006 tu. Lakini kwetu lilipata ardhi yenye rutuba, maana uswahilini nani ana siri? Chumba kimoja, ukuta mmoja, jirani anajua mmekula nini.

Kwa hiyo mkataba upo. Majirani waliuandika kidogo kidogo, kwa kumwita mtu mama fulani, kwa kumchangia kwenye msiba, kwa kumpa bwana salamu za kumpelekea "mama watoto". Ubaya wake ni kwamba mkataba huo hauna masharti, na haufunguliwi mpaka siku ya ugomvi au siku ya kifo.

Mwaka 1976, miji miwili

Mwaka 1976 swali hili liliamuliwa mara mbili, mbali na mbali, na majibu mawili tofauti. Nimelipenda sana tukio hili, ningekuwa na kipaji zaidi ningelifanya riwaya.

Nairobi, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza kesi inayojulikana kama ya Yawe. Rubani mmoja, mtu wa Uganda aliyekuwa anaishi Nairobi, alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1972. Mwanamke aliyekaa naye zaidi ya miaka tisa na kuzaa naye watoto wanne akajitokeza kama mjane. Aliulizwa lile lile la mama mdogo: ndoa iko wapi? Kenya wakati huo haikuwa na kifungu kama chetu. Hata hivyo majaji wakasema kukaa pamoja muda mrefu kama mume na mke kunazaa dhana ya ndoa, na anayetaka kuivunja alete ushahidi wa nguvu. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mahakama ile ikaenda nayo, lakini uamuzi ule ulibaki ukitajwa katika mahakama za Kenya miaka na miaka.

Desemba mwaka huo huo, California, mahakama kuu ya jimbo iliamua kesi ya Marvin. Lee Marvin alikuwa mwigizaji wa sinema mwenye jina. Aliishi na Michelle Triola tangu Oktoba 1964 mpaka Mei 1970 bila kuoana. Triola alidai waliahidiana kwa mdomo kwamba mali wachume pamoja na wagawane, na kwamba yeye aliacha uimbaji ili amtunze. Mahakama ikasema watu wazima wawili wanaokaa bila ndoa wanaweza kuwekeana mkataba, wa maandishi au wa mdomo, hata ule unaoonekana kwa vitendo vyao tu, na mahakama itausimamia mradi malipo yake yasiwe ngono yenyewe. Hapo ndipo gari la farasi la 1866 lilipopinduka.

Usidhani Triola alitajirika. Kesi iliporudi chini, mwaka 1979 jaji aliona hakuna mkataba uliothibitishwa, akampa dola 104,000 za kuanzia maisha upya. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ikamnyang'anya hata hizo. Lakini msingi ulibaki, na watu wa kule wakaanza kuandikishana kabla ya kuhamia.

Tazama tofauti. Nairobi mahakama iliwaambia wawili wale: mlionekana kama mume na mke, basi ninyi ni mume na mke. California iliwaambia: hamkuoana, lakini ahadi ni ahadi. Ya kwanza inatazama sura ya nje, ya pili inatazama maneno ya ndani. Sisi Afrika Mashariki tulifuata ya kwanza kwa muda mrefu. Naona ilikuwa ya huruma, maana iliwaokoa wajane wengi ambao wasingepata karatasi maisha yao yote. Lakini huruma hiyo ina mlango mmoja tu: lazima uitwe mke ndipo usikilizwe.

Bi Hawa na wale waliomfuata

Mlango wa pili ulifunguliwa Dar es Salaam, na aliyeufungua hakupita.

Sheria ya 1971, kifungu cha 114, inasema ndoa ikivunjika mahakama inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja. Je, kupika, kufua na kulea ni jitihada? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika vibaya. Wengine walisema jitihada ni fedha au kubeba tofali. Kupika ni wajibu wa mke tu. Mwaka 1983 suala likafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, mahakama ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango, na zihesabiwe. Yale waliyoyajua wapangaji wa Pumwani yakawa sheria.

Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona mumewe alimpa fedha za maendeleo akazitapanya, hivyo fungu lake likamezwa na kosa hilo. Kila ninapofikiria habari hii naona jinsi historia ilivyo na roho ngumu. Jina lake linatajwa kila wiki katika mahakama fulani ya nchi hii, wanawake wanapata vyumba na viwanja kwa jina lake, yeye alirudi mikono mitupu.

Bi Hawa alikuwa mke halali. Vipi yule ambaye hakuwa? Jibu la Mahakama ya Rufani lipo katika kesi ya Hemed Tamim na Renata Mashayo, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1994. Wawili wale waliishi pamoja na kupata nyumba, lakini dhana ya ndoa ilivunjika. Mahakama ikasema hata dhana ikivunjika, sehemu ya pili ya kifungu cha 160 inaipa nguvu ya kutoa amri kama zile za ndoa iliyovunjika, na kugawa mali waliyochuma pamoja ni mojawapo. Sehemu hiyo hiyo inampa mwanamke haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo kamba aliyoishika mama mdogo.

Mahakamani walikuja majirani watatu na mjumbe. Kila mmoja aliulizwa: mlikuwa mnawajua kama nani? Mwenye duka akasema, "Mheshimiwa, mimi nilikuwa nakopesha kwa jina la mume, analipa mke." Watu wakacheka, hata karani. Lakini cheti cha ndoa ya kanisani kikatolewa, na dhana ya ndoa ya mama mdogo ikavunjika palepale. Nilimwona anakunja kanga yake kama mtu anayejiandaa kuondoka. Ndipo mambo yakafika kwenye mali, na lile daftari likatolewa mkobani. Mimi ndiye niliyeulizwa kama ni mwandiko wake, nikasema ndiyo. Bwana alipoulizwa kuhusu mabati akasema hakumbuki. Alipoulizwa kuhusu mchanga alikumbuka sana. Mwisho mama mdogo akapewa theluthi ya thamani ya nyumba na matunzo ya watoto. Hakushangilia. Aliniambia tukiwa kwenye daladala, "Mwanangu, ningejua ningeandika na maandazi." Maana miaka yote ile alikuwa anawalisha kwa biashara yake, na hilo hakuliandika.

Upepo unageuka

Huenda unafikiri basi, tunalindwa, majirani wapo. Sikiliza ya karibu.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya watu wawili waliotajwa kwa herufi tu, MNK na POM. Walianza kuishi pamoja mwaka 1986 na wakapata mali Nairobi. Safari hii mali ilikuwa katika jina la mwanamke, na aliyedai fungu ni mwanamume. Mahakama ikakataa kuwaita mume na mke. Ikasema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana, na ikaweka masharti: wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana, wawe wamekusudia, wawe wamekubaliana, wawe wamejionyesha kwa watu kuwa wameoana. Hata hivyo haikumwacha mwanamume mikono mitupu. Iliona walikuwa na nia ya pamoja juu ya mali ile, ikawagawia: mwanamke asilimia 70, mwanamume asilimia 30. Tena ikasema ni kazi ya Bunge kutunga sheria ya watu wanaoishi namna hii.

Bunge la Uganda lilijaribu. Muswada wao wa ndoa na talaka wa mwaka 2009 uligusa mali za wanaoishi kinyumba. Ulipojadiliwa mwaka 2013 kelele zilikuwa nyingi, ukawekwa kando. Ufaransa, kwa upande wao, tangu mwaka 1999 wana mkataba maalumu wa kiserikali kwa watu wawili wasiotaka ndoa: wanaandikisha, wanapewa haki na wajibu, wakichoka wanafuta.

Ninachokiona katika safari hii yote ni kwamba mahakama zinaanza kumwacha jirani na kugeukia kilichokusudiwa na wawili wenyewe. Na jirani mwenyewe anakwisha. Anayepanga chumba chenye geti na mlinzi, nani atakuja kumwambia hakimu kwamba alikuwa anakopa sukari kwa jina la mume? Katika nyumba nyingi mpya za mjini watu hawajuani majina. Mkataba wa majirani unakosa waandishi.

Tunaandika nini basi?

Sasa nitasema langu, mnisamehe. Mwaka jana mimi na mwenzangu tuliamua kuhamia chumba kimoja, kodi imepanda na mapenzi yapo. Nikiwa na daftari la mama mdogo kichwani, nikamwambia, "Tuandikishane." Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Kwani mimi bodaboda ya mkataba?" Siku mbili hatukuongea.

Nilimwelewa. Karatasi inanuka kuachana. Mtu anayeandika vitu vyake kabla ya kuhamia anaonekana anajiandalia mlango wa nyuma. Na wazazi wetu, wa kanisani na wa msikitini, watasema jibu ni fupi: oaneni. Siwabishii, ndoa ndiyo karatasi kongwe kuliko zote na haijapata mpinzani. Lakini maelfu hawajaoana leo na usiku wa leo watalala chumba kimoja, na mali inachumwa usiku na mchana.

Nilimweleza niliyoyajua. Kwamba hatuandiki mapenzi, maana mkataba wa kulipana kwa kulala pamoja ungekufa kwa kifungu kile kile cha 23. Tunaandika vitu: kitanda nimenunua mimi, friji yeye, kodi nusu kwa nusu. Kwamba karatasi hiyo haitufanyi mume na mke, na haiwezi kumpunguzia mtoto haki yake ya kutunzwa na wazazi wote wawili, haki iliyoandikwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwamba tukija kununua kiwanja, majina mawili kwenye hati, kila mmoja na fungu lake, yana nguvu kuliko ahadi elfu za gizani. Kwamba wosia ni jambo la peke yake, na asiyeandika wosia amewaachia wazee wa kijijini waje wanywe chai na kuuliza cheti. Na kwamba karatasi ikiwa na sahihi za wawili na mashahidi, hakimu ana pa kuanzia, ingawa neno la mwisho ni lake.

Aliuliza swali moja tu: "Na kupika je, utaandika?" Nikasema Bi Hawa alishalimaliza hilo mwaka 1983. Akasema, "Wewe andika tu."

Tukaandika. Ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili, mistari kumi na tisa. Kaka yake na mama mdogo ndio mashahidi. Mstari wa sita unasema chakula cha jioni kinapikwa kwa zamu na kazi hiyo ni mchango. Mama mdogo alipofika hapo alisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi, kisha akaniuliza kama nina nakala nyingine ya kumpa akae nayo.